Mitambo ya Utafiti Iliyofungwa Baharini: Maswali ya Manahodha na Wavuvi

Maelezo haya ni ya manahodha, wavuvi, waendesha boti za watalii na yeyote anayekatiza maji ya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara. Maswali ni yale yanayorudi kila watafiti wanapofunga mitambo yao baharini. Mengine huulizwa kwa hasira, na mara nyingi hasira hiyo ina sababu.

Hili boya la njano ni la nani, na linafanya nini?

Rangi peke yake haitoshi kukwambia ni la nani. Katika mfumo wa kimataifa wa alama za baharini unaosimamiwa na IALA, shirika la kimataifa la misaada ya kuongozea vyombo baharini, njano ni rangi ya alama maalumu: mpaka wa eneo la mazoezi ya kijeshi, kebo au bomba lililo chini ya maji, hifadhi, na pia mitambo ya utafiti. Halikuongozi njia kama yanavyofanya maboya mekundu na ya kijani kwenye mlango wa bandari. La utafiti kwa kawaida huandikwa ubavuni herufi ODAS, kifupi cha Kiingereza cha mfumo wa kukusanya data za bahari, pamoja na namba na jina la taasisi, na juu yake huweza kusimama alama ya X.

Kwa upande wa Kenya, taasisi kuu ya utafiti wa bahari ni KMFRI ya Mombasa. Tanzania kuna TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, na kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo iko Zanzibar. Mitambo ya maji makuu mara nyingi ni ya ushirikiano na nchi za nje. Kazi yake ni kupima: joto la maji, chumvi, kasi na mwelekeo wa mkondo, urefu wa mawimbi, upepo. Kupima huko hufanyika mchana na usiku, kwa miezi, mahali ambapo hakuna mtu wa kukaa na daftari.

Usiku nitalijuaje?

Taa ya njano. Ya ODAS humweka mara 5 mfululizo, kisha hunyamaza, na mzunguko wote huchukua sekunde 20. Ukiona njano inamweka kwa mpangilio mwingine, hiyo ni alama maalumu ya aina nyingine, nayo pia usiikaribie bila kujua ni ya nini.

Lakini usiiamini taa kupita kiasi. Ndege wa baharini hupenda kutua juu ya maboya, na kinyesi chao hufunika paneli za sola hadi betri inaisha. Paneli nyingine huibwa. Boya lisilo na taa katika usiku wa kiza ni gogo la chuma linaloelea, kwa hiyo ukiwa na ramani yenye nafasi yake, iamini ramani kuliko macho. Maboya mengine hutangaza pia nafasi yake kwa AIS, mfumo wa redio unaoonyesha vyombo na alama kwenye skrini ya meli, na hapo namba zake huanza na 99.

Boya lenyewe dogo. Kwa nini niambiwe nikae mbali nalo?

Kwa sababu unachokiona juu ni sehemu ndogo kabisa ya mtambo.

Chukua mfano wa maboya ya RAMA, mtandao wa kimataifa ulioanza kufungwa mwaka 2004 katika Bahari ya Hindi kwa ajili ya kuchunguza pepo za msimu. Boya la juu la aina yake ya zamani lina umbo la duara lenye tundu katikati, na upana wake ni mita 2.3. Chini yake inashuka kamba ya waya iliyovikwa plastiki, mita mia kadhaa, na kwenye waya huo vimebanwa vipima joto na chumvi, kimoja baada ya kingine. Waya ukiisha inafuata kamba ya nailoni hadi karibu na sakafu ya bahari, kilomita kadhaa chini. Karibu na nanga kuna kifaa kinachoshika kamba nzima na kusubiri amri: meli ikija kuuchukua mtambo hutuma mlio maalumu majini, kifaa kikiusikia kinafungua ndoana yake, na kila kitu kinaachana na nanga. Nanga yenyewe ni magurudumu chakavu ya garimoshi yaliyofungwa pamoja, uzito wa tani mbili hivi.

Karibu na pwani vipimo ni vifupi ila mpangilio ni uleule: boya, mnyororo, waya, mitambo, nanga nzito. Sasa mashua ikipita ubavuni mwa boya, rafadha inaweza kukutana na waya ambao hauonekani. Ukifunga mashua yako pale wakati wa kusi, uzito wa mashua na nguvu ya mkondo vinavuta viungo ambavyo havikuundwa kwa mzigo huo. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaweza kufika mita 2 kwa sekunde. Kiungo kimoja kikifunguka, boya linaondoka na mashua iliyofungwa nalo.

Umbali gani unatosha, basi?

Kuna vipimo viwili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaruhusu, katika kifungu cha 260, kuwekwa eneo la usalama kuzunguka mitambo ya utafiti, lisilozidi mita 500. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 1985, Kenya mwaka 1989. Kipimo cha pili ni cha Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo nchi zote mbili ni wanachama. Azimio lake namba 11/02 la mwaka 2011 linazitaka nchi zizuie vyombo vyao vya uvuvi kuvua kwa makusudi ndani ya maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, kutoka kwenye boya la data. Linakataza pia kulizungushia nyavu, kufunga chombo kwenye boya au kwenye kamba yake, kukata kamba ya nanga, na kulipakia boya chomboni bila idhini.

Azimio hilo liliandikwa hasa kwa kuwafikiria wenye meli za jodari. Mvuvi wa ngalawa anayetupa mshipi kwenye mwamba hakuwa wa kwanza kufikiriwa. Kwake kanuni ya kufuata ni ile iliyotajwa kwenye tangazo la mahali husika. Kama tangazo halitaji umbali, mita 500 ni kipimo cha busara kwa anayevua, na anayepita tu aliache boya mbali kiasi cha kutolikaribia hata injini ikizimika.

Nimefika kwenye nafasi iliyotangazwa, GPS inasema hapa hapa, na boya silioni. Limeibwa?

Huenda halijaibwa. Nafasi inayotangazwa mara nyingi ni ya nanga, na boya huzunguka juu yake. Piga hesabu: mahali penye kina cha mita 40, mnyororo na kamba vikiwa jumla ya mita 60, boya linaweza kusogea hadi mita 45 kila upande wa nanga. Hilo ni duara lenye upana wa mita 90, na maji yakitoka wakati wa bamvua, duara linaongezeka kidogo kwa sababu kina kimepungua. Kwenye maji makuu mzunguko unaweza kupita kilomita moja. Tazama upande ambao mkondo unaelekea, ndiko liliko.

Mkondo ukiwa mkali sana boya dogo linaweza hata kuzama nusu, likabaki kichwa tu. Ikiwa umezunguka, bahari ni shwari na bado halipo, hapo toa taarifa: linaweza kuwa limekatika, na boya lililokatika ni hatari kwa kila mtu aliye upande wa chini wa mkondo.

Ni kweli kuna mitambo isiyo na boya lolote juu?

Kweli, na ndiyo inayowatia hasara wavuvi wa nyavu za chini. Watafiti hupenda kuificha mitambo chini ya uso wa maji kwa sababu juu kuna mawimbi, wizi na rafadha. Mingine ni fremu ya chuma iliyolazwa sakafuni, ndani yake kipima mkondo kinachotuma mlio kwenda juu na kusoma mwangwi unaorudi kutoka kila tabaka la maji. Mingine ni kamba iliyosimamishwa na maboya ya kioo au povu gumu yanayoishia mita kadhaa chini ya uso wa maji. Jahazi linapita juu bila kugusa kitu. Juya, jarife lililozamishwa au trola, kama yale ya Ghuba ya Ungwana, litanasa.

Kwa mitambo hii tangazo ndilo boya lake. Nafasi isipotangazwa vizuri, kosa si la mvuvi.

Mimi ni mzamiaji. Kuna kidude kimefungwa kwenye matumbawe kwa utepe wa plastiki. Ni takataka?

Kiache. Yawezekana ni kipima joto, ukubwa wa kidole gumba, kinachoandika joto la maji kila baada ya muda fulani. Tangu matumbawe ya pwani yetu yalipopauka vibaya mwaka 1998, joto la kwenye miamba limekuwa jambo la kufuatiliwa kwa karibu. Kidude hicho hakina uhusiano na satelaiti. Kumbukumbu zote zimo ndani yake, na ukikitia mfukoni, miezi yote hiyo imekwenda.

Samaki wamejaa chini ya lile boya. Kuna ubaya gani nikitupa mshipi?

Wamejaa, hakuna anayebisha. Kitu chochote kinachoelea hukusanya samaki: kwanza magugu na chaza, halafu samaki wadogo, kisha wakubwa wanaowafuata wadogo. Ndiyo sababu mitambo ya Bahari ya Hindi ya magharibi, kwenye njia ya jodari, imeharibiwa mno, na ndiyo sababu lile azimio la mwaka 2011 likaandikwa.

Ubaya ni huu. Mshipi ukikatika unajizungusha kwenye vipimo, na uzi mwembamba unaweza kuzuia kipima mkondo kusoma sawasawa bila mtu yeyote kujua. Ndoana inachubua plastiki ya waya, maji ya chumvi yanaingia, waya unaoza kwa ndani. Tena mitambo mingi ya pwani haitumi data papo hapo. Huhifadhi ndani hadi siku ya kutolewa, kwa hiyo hasara ya siku moja inafuta kazi ya mwaka.

Kama jamii inataka mahali pa kukusanya samaki, viko vikusanya samaki vinavyofungwa kwa kazi hiyohiyo. Hilo ni ombi la haki la kupeleka kwa ofisa uvuvi, na kwa maoni yangu watafiti wangelisikiliza mapema wangeokoa mitambo mingi.

Nyavu yangu imeshanasa. Nifanye nini?

Zima injini au iweke huru kwanza, rafadha isije ikaongeza tatizo. Usivute kwa winchi. Ukivuta kwa nguvu, ama nyavu inachanika ama unainua nanga ya tani mbili kwa upande mmoja wa chombo, na chombo kidogo hupinduka hivyo. Jaribu kurudi kwa njia uliyojia, ukifuata mkondo. Ikishindikana, kata nyavu yako, si kamba ya mtambo. Azimio la Tume ya Jodari nalo linasema hivyo kwa maneno yake: aliyenasa atoe zana zake kwa kulidhuru boya kwa kiasi kidogo iwezekanavyo.

Halafu chukua nafasi kwa GPS, au kwa alama za nchi kavu kama huna GPS, andika saa, piga picha, na toa taarifa siku hiyohiyo. Taarifa ya mapema ndiyo inayokulinda baadaye ukiulizwa.

Nani atanilipa nyavu?

Hapa jibu la kukufurahisha halipo. Miradi hutofautiana: mingine huwa na fungu la dharura, mingine haina hata wazo hilo. Swali hili liulizwe kabla mtambo haujafungwa, kwenye mkutano wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) au wa kamati ya wavuvi, na jibu liandikwe kwenye muhtasari. Mvuvi aliyekuwa na nafasi sahihi kwenye tangazo na bado akazungusha nyavu pale ana hoja dhaifu. Aliyenasa kwenye mtambo usiotangazwa ana hoja nzito, ila aje na picha na saa.

Nimeokota boya ufukweni. Ni langu?

Si lako, ingawa bahari ndiyo iliyokuletea. Kwanza tazama ni la aina gani. Tufe la upana wa sentimita 35 hivi, lenye mfuko mrefu wa kitambaa wenye matundu au mabaki ya kamba tu, ni boya la kuelea na mkondo. Halikufungwa popote na huenda limemaliza safari yake. La duara lililo bapa lenye paneli za sola juu mara nyingi ni la meli za kigeni za jodari, nalo halihusiani na utafiti hata kidogo. Tufe la kioo ndani ya ganda la plastiki la njano au la rangi ya machungwa ni boya la kunyanyulia mitambo, na likifika ufukweni maana yake kuna kamba iliyokatika mahali fulani.

Soma namba, piga picha, peleka taarifa. Usifungue silinda yoyote ya chuma au plastiki nene. Ndani kunaweza kuwa na betri za lithiamu, na maji yakiingia betri hizo hutoa gesi inayojazana hadi silinda inafyatuka kama risasi. Wamezuiwa watoto kucheza na mabomu ya samaki, wazuiwe na hizi pia. Paneli na betri zina soko, hatufichi. Kipima mkondo chenyewe hakina mnunuzi Kariakoo wala Kongowea.

Si kuna satelaiti? Kwa nini wasitumie hizo wakatuachia bahari yetu?

Satelaiti huona ngozi ya bahari. Hupima joto la uso na kimo cha maji, lakini haioni kilichopo mita hamsini chini, na huko ndiko joto linakojificha kabla ya kubadilisha hali ya hewa. Isitoshe, mawingu ya masika huziba sehemu ya vipimo vyake, na vile inavyovisoma lazima vilinganishwe na kitu kilichoguswa na maji kweli.

Sisi tunapata nini?

Hutaambiwa kesho samaki wako wapi. Anayekuahidi hivyo anakudanganya. Faida huja kwa mzunguko: data huingia kwenye mifumo ya utabiri, na utabiri hurudi kwetu kama taarifa ya upepo, mawimbi na mvua. Mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida huku mashariki yake ikipoa, na vuli ikaleta mafuriko Afrika Mashariki. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Matukio kama hayo hayatabiriwi bila kujua bahari ina joto kiasi gani.

Kuna pia maboya ya tsunami. Tarehe 26 Desemba 2004 wimbi lilivuka bahari nzima na kuua watu hadi Somalia, Kenya na Tanzania, na wakati huo Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari. Kipimo cha sakafuni cha maboya hayo hutambua tsunami ya sentimita moja tu katikati ya bahari kuu. Anayekata kamba ya boya la namna hiyo hajui amezima king'ora cha nani.

Wageni wanaruhusiwa kuja tu na kufunga mitambo?

Hapana. Kwenye maji ya taifa na ukanda wa kiuchumi, mkataba wa 1982 unataka ridhaa ya nchi yenye pwani, na maelezo ya mradi yaletwe angalau miezi sita kabla. Kifungu cha 261 kinakataza mitambo kuzuia njia za meli zinazojulikana, na cha 262 kinataka iwe na alama za usajili na ishara za tahadhari. Ukiona mtambo usio na jina wala namba, una kila haki ya kuuliza.

Matangazo yanapitia wapi?

Kwa meli, njia inajulikana. Mtafiti hupeleka nafasi, kina, tarehe na aina ya taa kwa mamlaka ya usafiri wa majini: KMA kwa Kenya, TASAC kwa Tanzania Bara, na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar. Kutoka hapo hutolewa Tangazo kwa Mabaharia. La mtambo wa muda hupewa alama ya (T), na nahodha mwenye ramani ya karatasi huliandika kwa penseli ili alifute baadaye. La haraka hupitia maonyo ya redio na satelaiti. Kwa maonyo hayo bahari za dunia zimegawanywa kanda ziitwazo NAVAREA, na maji ya Kenya na Tanzania yamo katika ukanda wa VIII, unaoratibiwa na India. Msumbiji iko ukanda wa VII, chini ya Afrika Kusini.

Hatuna NAVTEX wala ramani. Tangazo hilo linatufikiaje?

Kwa njia hiyo, halikufikii. Ngalawa haina mpokezi wa NAVTEX, yaani maonyo ya baharini yanayotumwa kwa redio kama maandishi, na tangazo la Kiingereza lenye digrii na dakika halimsaidii mtu anayesoma bahari kwa mnazi na mnara wa msikiti. Mtafiti anayedhani ametimiza wajibu kwa kutuma barua pepe moja kwa mamlaka ametimiza nusu.

Nusu ya pili ni kwenda dikoni kabla ya kufunga, si baada. Azungumze na BMU, manahodha wazee na wanunuzi wa samaki, kwa kuwa wanunuzi wanajua nani anavua wapi. Kisha tangazo lisomwe redio ya jamii na libandikwe mnadani, kwa maneno kama haya:

"Kuanzia mwisho wa masika hadi kaskazi ikianza, kutakuwa na boya la njano lenye alama ya X nje ya mwamba, mkabala na mnara wa taa, kwenye kina cha pima ishirini. Usiku linamweka njano mara tano. Chini yake kuna waya na mitambo. Tafadhali msifunge chombo, msizungushe nyavu karibu. Ukiona limehama au halina taa, mpigie simu mwenyekiti wa BMU."

Maneno hayo yana nafasi, muda, alama, hatari na mtu wa kupigiwa. Boti zenye VHF zitoe taarifa chaneli 16, kisha zihamie chaneli nyingine ya kuzungumzia.

Mradi ukiisha, kila kitu kinaondolewa?

Si kila kitu. Boya, kamba na mitambo hutolewa. Nanga mara nyingi hubaki, kwa sababu kile kifaa cha mlio kimeundwa kuachana nayo. Kwa jahazi linalopita juu haina madhara, lakini magurudumu ya garimoshi yaliyolala sakafuni yatachana juya miaka kumi baadaye kama yalivyochana mwaka wa kwanza. Kwa hiyo tangazo la kufuta likija, lisome hadi mwisho: likisema boya limeondolewa bila kutaja nanga, mwulize aliyelitoa nanga iko wapi, na uiache ile nafasi kwenye GPS yako hadi upate jibu.